Kanzu, gomesi na lubugo: vazi la asili la Uganda ni lipi hasa?

Ubishi ulianza tukisubiri chakula. Ilikuwa kwanjula, huko Mukono, ile sherehe ambayo binti wa Kiganda huwatambulisha wakwe kwa wazazi wake, na mahema mawili yalikuwa yametazamana kama timu kabla ya filimbi. Upande wetu wanaume wote kanzu nyeupe na koti juu yake. Upande wa wenyeji akina mama ndani ya gomesi, mabega yamesimama, mishipi imefungwa nyongani na ncha zake zinaning'inia mbele.

Rafiki wa bwana harusi, kijana wa Tanga aliyekuja Kampala kwa kazi ya uwakala wa forodha, akaniinamia. "Kaka, nyie mnasema hili ni vazi la mababu. Si ndiyo kanzu yetu hii, mmeitia uzi mwekundu tu?" Hakujua kwamba jajja, yaani bibi, aliyeketi mbele yetu aliishi miaka thelathini kwenye kambi za polisi na mumewe, na Kiswahili anakisikia hadi cha kunong'ona. Akageuka taratibu. "Na hiyo suruali uliyovaa ndani ya kanzu, mwanangu, nayo mababu zako waliishona Tanga?" Hema zima likaangua kicheko. Kijana akaamka, akainama, akamwamkia shikamoo kwa heshima zote.

Niliporudi nyumbani nilibaki na swali lake, kwa sababu kijana hakukosea. Kanzu ilitoka pwani. Gomesi ndiyo kabisa, jina lenyewe ni la Mgoa. Lakini jajja naye hakukosea. Ili kuona ni vipi wote wawili walikuwa sahihi, inabidi tuzivue hizi nguo moja moja.

Tuanze na iliyokuwepo kabla ya uzi. Lubugo halifumwi. Ni gome la mti uitwao mutuba, wa jamii ya mikuyu, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus natalensis. Kazi yake hufanyika majira ya mvua. Fundi, ambaye kwa Kiganda ni mukomazi, hukwangua ganda la nje, hukata mviringo juu na mviringo chini, hupasua mstari mmoja wa kushuka, kisha hulitenga gome la ndani na shina polepole kama mtu anayemvua mtoto shati bila kumwamsha. Mti unabaki uchi, mweupe, unatoa utomvu. Hapo hapo unafungwa majani ya mgomba kuuzunguka, kama unavyofunga jeraha, na baada ya siku kadhaa huanza kuota ngozi mpya. Mti mmoja ukitunzwa huvunwa mwaka hadi mwaka, miongo kwa miongo.

Gome huchomwa kwa mvuke au maji ya moto ili lilainike, halafu hupelekwa kwenye banda lisilo na kuta, liitwalo kkomagiro. Banda ni la lazima, kwa sababu jua likiliwahi gome kabla ya nyundo, litakauka na kupasuka. Nyundo ni za mti, zina mifereji iliyochongwa kichwani: ya kwanza ina mifereji mikubwa, inayofuata midogo zaidi, ya mwisho myembamba kama mistari ya daftari. Wanagonga juu ya gogo, wawili au watatu kwa mpokezano, na sauti yake inasikika kijiji cha pili. Gome linapanuka mara kadhaa ya upana wake, linakuwa laini kama ngozi ya kondoo iliyotengenezwa vizuri. Ndipo linaanikwa juani, na upande ulioelekea jua hugeuka rangi ya udongo wa kichuguu. Lililo jeupe, kutoka miti ya aina nyingine, lilikuwa la Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, na wakuu.

Kazi hii ina wenyewe. Ukoo wa Ngonge, yaani fisi-maji, ndio wenye ufundi huu tangu zamani, chini ya fundi mkuu wa kurithi anayebeba cheo cha Kaboggoza, na kijiji chao cha Nsangwa kiko wilaya ya Mpigi. Mapokeo ya Buganda yanasema Kabaka Semakookiro, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, ndiye aliyeamuru kila mwananchi apande mutuba. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa mojawapo ya hazina za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa kwenye orodha yake ya urithi usioshikika. Waganda si peke yao waliovaa miti, maana huko visiwa vya Tonga, Samoa na Fiji watu hugonga gome la mti wa jamii ya mforsadi na kulipaka michoro, ingawa hakuna aliyemfundisha mwenzake.

Sasa angalia namna lilivyovaliwa, kwa sababu hapa ndipo fundo lenyewe lilipo. Mwanamume alilifunga fundo begani, likaanguka hadi chini. Mwanamke alilizungusha mwilini na kufunga mshipi kiunoni. Ukiitazama gomesi ya leo utauona mshipi ule ule. Nguo ilibadilika, kiuno hakikubadilika. Hilo nitalirudia.

Kanzu ilifika kwa miguu. Mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Ahmed bin Ibrahim aliingia katika baraza la Kabaka Ssuuna wa Pili, na misafara iliyofuata kutoka Unguja kupitia Tabora ilikuja na bunduki, shanga na nguo, ikarudi na pembe na, tusifiche, watu. Nguo zilikuwa ndiyo fedha ya barabarani. Zilipimwa kwa mkono wa mtu, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono minne ni shuka, minane ni doti. Iliyotafutwa kuliko zote ni merikani, pamba nzito isiyopaushwa, na jina lake halifichi chochote. Ilitoka Marekani, kwenye viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa na wafanyabiashara wa bandari ya Salem. Marekani na Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja, walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kule mwaka 1861 shehena zikakatika, Waingereza na viwanda vya Bombay wakaingia na pamba yao, na watu wa huku wakaendelea kuiita merikani kana kwamba hakuna lililotokea.

Ukitaka kuijua njia iliyopita nguo, usihangaike na ramani. Fungua kabati la Mganda na umsikilize anavyolitaja. Ekkanzu. Ekikooyi. Essuuka. Amerikaani. Kaniki. Enkofiira, ambayo ni kofia. Ekitambaala. Ekkooti na essaati, ambazo hata sisi tulizikopa. Hariri imekuwa liiri. Bafta imekuwa bafuta, na ndiyo neno utakalolikuta kwenye Biblia ya Kiganda panapotajwa kitani safi. Ni Kiswahili kitupu, kimevaa irabu za mbele kama mgeni aliyevalishwa kanzu mlangoni.

Na hapa pana jambo linalonichekesha kila mara. Gavana wa Kiingereza, Gowers, alipotaka Kiswahili kitumike zaidi shuleni na serikalini, mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alipinga waziwazi mwaka 1929, na watu wake walisimama naye. Kiswahili kilionekana lugha ya kigeni, itakayoimeza Luganda. Baadaye kikanuka bunduki, kwa kuwa kilikuwa lugha ya jeshi na polisi, na wengi wetu tuliokulia makambini tunajua jinsi unavyotazamwa ukikizungumza ndani ya teksi. Lakini waliokikataa walikikataa wakiwa wamevaa kanzu. Lugha ilizuiwa mlangoni, nguo yake ikapita dirishani na kukaribishwa sebuleni.

Ilipitaje? Ikulu ilikuwa na mkono wake. Mutesa wa Kwanza, aliyeshika ufalme mwaka 1856, alijifunza Kiarabu na Kiswahili na kuvaa kipwani, na msafiri wa Kizungu, Stanley, alipofika kwake mwaka 1875 alimkuta mfalme na walinzi wake wamevaa kama watu wa Unguja. Nguo aliyovaa mfalme haikuwa tena nguo ya wageni. Ikawa ya baraza, kisha ya machifu, kisha ya kila aliyetaka kufanana na machifu. Wamisionari wa Kiprotestanti walipofika 1877 na Wakatoliki 1879, walikuta vijana wa ikulu tayari wamo ndani ya kanzu, na waliobatizwa hawakuivua. Ndiyo maana mpaka leo mgeni kutoka Lamu akifika Masaka siku ya harusi ya Kikatoliki hudhani amekosea njia akaingia maulidi. Pwani kanzu ina harufu ya Ijumaa. Buganda harufu hiyo ilibaki kwa Waislamu, wengine wote wakaifanya nguo ya heshima tu, ya kumtolea binti wa watu.

Tofauti ya pili ni huo uzi ambao kijana wa Tanga aliudharau. Unaitwa mulela. Ni darizi ya rangi ya damu ya mzee, inayozunguka shingo na kushuka kifuani. Pwani fundi hujionyesha kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, kiasi kwamba lazima usogee karibu ndipo umsifu. Hapa mulela unaonekana kutoka ng'ambo ya uwanja. Mimi, kusema kweli, napenda ule wa pwani zaidi. Lakini kanzu isiyo na mulela kwenye kwanjula ni kama chai isiyo na sukari: itanyweka, ila mwenyeji ataulizwa. Na lile koti juu yake, lililoshonwa kwa mtindo wa Kizungu, ndilo tabaka la tatu. Mtu mmoja, joto la saa saba mchana, amevaa bahari ya Hindi chini na London juu.

Lubugo je? Pamba ilipokuwa rahisi, lubugo likarudi nyuma, halikuondoka. Likabaki kwenye yale ambayo pamba haikuthubutu kuyagusa: makaburi ya wafalme kule Kasubi, ngoma, na mazishi. Mrithi anapotawazwa kwenye kumaliza matanga bado huvishwa lubugo, hata kama chini yake kavaa suti.

Gomesi ndiyo yenye hadithi inayosimuliwa kwa kelele zaidi. Inayorudiwa na wengi ni hii: mwaka 1905 wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walianzisha shule ya wasichana ya bweni Gayaza, kaskazini ya Kampala. Wasichana walivaa shuka zilizofungwa kifuani, na shuka ikiinamishwa shambani hulegea. Walimu wakamwita fundi cherehani, Mgoa aitwaye Gomes, atengeneze kitu kisichodondoka. Akaiacha shuka ilivyo, akaiongezea kifua cha mraba na mikono mifupi iliyovimba begani, mtindo uliokuwa bado machoni mwa mabibi wa Kiingereza wa wakati ule. Nguo ikapata majina matatu. Gomesi, kwa fundi. Busuuti, ambalo wengi wa Busoga na Buganda hulitumia mpaka leo. Na bodingi, yaani nguo ya bodingi, ya shule ya bweni. Husimuliwa pia kwamba Irene Drusilla Namaganda, aliyeolewa na Kabaka Daudi Chwa mwaka 1914, ndiye aliyeitoa shuleni na kuipandisha ikulu. Njia ile ile ya kanzu, basi: mtu wa ikulu akivaa, nchi inafuata.

Ngoja nikuonyeshe inavyovaliwa, kwa sababu picha hudanganya. Nenda Kiyembe, katikati ya Kampala, kwenye zile korido ambazo majora ya vitambaa yamepangwa hadi darini na mafundi wamekaa na cherehani miguuni mwa wauzaji. Gomesi nzuri inakula kama mita sita. Ikitundikwa haina umbo, kama pazia lenye mikono. Kwanza mwanamke anafunga kikoyi kiunoni, na huyu ndiye mfanyakazi asiyeonekana: bila kikoyi, hariri hung'ang'ania miguu na mshipi huteleza. Kisha anaingiza mikono, anafunga vifungo viwili pembeni mwa shingo upande wa kushoto, anazungusha upande mmoja juu ya mwingine hadi mwili umefunikwa mara mbili. Ndipo mshipi, upana wa kiganja na zaidi, unafungwa chini ya kiuno, juu ya nyonga, fundo mbele. Hakuna zipu popote. Nguo hii haina saizi: binti akinenepa, akibeba mimba, akikonda, kinachosogea ni mkunjo. Na mikunjo hiyo ndiyo inayomruhusu apige magoti kumsalimu mkwe bila kuonyesha hata kifundo cha mguu, jambo ambalo sketi yoyote ya dukani ingelishindwa.

Kwa hiyo Gomes alibuni nini? Mabega, kifua na vifungo. Kuzungusha kitambaa mwilini na kukifunga mshipi kulikuwepo tangu lubugo. Nadhani hii ndiyo sababu nguo ilikubalika haraka: mwanamke hakufundishwa kuvaa upya, alipewa tu mabega. Mimi nikimhukumu Gomes, nasema alikuwa fundi mzuri kwa vile aligusa kidogo.

Wanaoona aibu kwamba vazi la taifa lilishonwa na mgeni wangetembea kidogo. Wanawake wa Kiherero wa Namibia huvaa magauni makubwa ya kufika chini waliyoyapata kwa wake wa wamisionari wa Kijerumani karne ya 19, wakayatia kilemba chenye pembe mbili, za ng'ombe, kwa vile wao ni wafugaji, na leo hakuna Mjerumani anayethubutu kuyadai. Waskoti nao, na ile sketi yao ya kiume yenye mirabaraba. Umbo lake fupi la leo wengi hulihusisha na Mwingereza, Thomas Rawlinson, mwenye tanuri la chuma, aliyetaka vibarua wake wafanye kazi bila kunaswa na shuka ndefu. Sababu ile ile ya Gayaza! Serikali ya Uingereza ikaipiga marufuku mwaka 1746 kwa kuogopa maasi, ikaifungulia 1782, na mwaka 1822 mfalme George wa Nne akaenda Edinburgh ameivaa. Tangu hapo ni vazi la kale.

Ila tukubaliane pia kwamba nimekuwa nikisema Uganda huku nikizungumzia Buganda, na msomaji wa Gulu au Moroto ameshanuna. Ana haki. Magharibi, Ankole, mwanamke hujifunga mushanana, kitambaa chepesi kinachopita bega moja, ndugu wa kile cha Rwanda. Karamoja mwanamume hutembea na shuka begani na shanga, na akikuona wewe na koti juu ya kanzu atakuonea huruma. Bombo, kwa Wanubi wenzetu wa Kiswahili, akina mama wana gurbaba, vazi lao wenyewe. Na kitenge, ambacho kimewapa watu wa kaskazini na mashariki nguo ya sherehe bila kuulizwa ukoo, ni batiki ya Java iliyoigwa na viwanda vya Waholanzi na kuuzwa Afrika. Ukienda soko la Owino, Kampala, kwenye mitumba, inayoitwa mivumba, utaona zote hizi zikiuzwa kando ya jaketi la polisi wa Ujerumani.

Serikali nazo hazikukaa kimya. Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972, kisha mawigi na suruali kwa wanawake mwaka 1974, kwa jina la heshima ya Mwafrika. Amri hizo zilipitishwa na mtu aliyependa kuvaa sare ya Kizungu yenye nishani mpaka tumboni. Wanaume hawakuguswa.

Wiki mbili baada ya ile kwanjula nilimpeleka jajja sanduku lake lililokuwa likitengenezwa bawaba. Alilifungua mbele yangu kuhakikisha hakuna kilichopungua. Juu kulikuwa na gomesi tatu zimekunjwa ndani ya karatasi, na ya kijani ilikuwa zawadi ya mkwe wake wa kwanza. Chini yake shuka mbili nyeupe, mpya, bado zina gundi ya kiwandani. Chini kabisa, limeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba, lubugo.

Nikamuuliza la nini. Akanitazama kama nimeuliza chumvi ni ya nini.

"La kwenda nalo. Shuka zenu za merikani ndani, hili nje." Akafunga sanduku. "Na umwambie yule mtoto wa Tanga, kikoyi changu kimechakaa. Akienda kwao aniletee kingine."